Prado au Range ya bei ya kutupa? Jinsi ya kuamua kabla hujatoa hela

Ukizunguka yadi za magari Dar es Salaam utakuta Toyota Land Cruiser Prado ya 2010 na Range Rover Sport ya mwaka huohuo zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, bei zinakaribiana, na pengine Range ndiyo ya chini. Zilipokuwa mpya hazikuwa hata za foleni moja. Range imeporomoka bei kwa sababu wanunuzi wanaogopa kuitunza, na woga huo una msingi: gari limeshuka thamani, lakini kompresa yake, taa yake na giaboksi yake bado zinauzwa kama spea za gari la tajiri.

Tulimalize moja mapema. Range ni gari zuri kuliko Prado. Limetulia barabarani, kimya ndani, viti vyake havichoshi mgongo hata ukitoka Dar hadi Mbeya kwa siku moja. Prado ikikata kona kando yake inalala kama jahazi. Anayekuambia vinginevyo huenda ana Prado ya kuuza. Kinachopaswa kukuamulia ni gari litaharibikia wapi, na nani atalishika likiharibika.

Anza na safari zako, si na gari

Chukua karatasi, andika safari zako za miezi 12 iliyopita. Si zile unazoota, zile ulizokwenda. Kama karibu zote ni mjini pamoja na lami ya Morogoro, Dodoma au Moshi, gari la kifahari linaingia kwenye mjadala. Kama kila mwezi unaingia Liwale, Loliondo au vijiji vya ndani Kigoma, funga mjadala, tafuta Prado.

Sababu ni spea na mafundi. Prado ikifa Tunduru, fundi wa hapo anaijua, na spea inapakiwa kwenye basi kutoka Kariakoo ikakufikia kesho yake. Range ikifa hapohapo, mara nyingi haifi kwa kitu cha kuona kwa macho: kompyuta imelizuia gari, na bila mashine inayosoma mifumo ya Land Rover fundi atabaki kubahatisha. Utalikodia gari la kubebea hadi Dar, na gharama ya safari hiyo peke yake inaweza kukununulia seti ya shokapu za Prado.

Tairi nazo zinasema mengi. Prado nyingi zinavaa 265/65R17. Ukuta wa tairi hiyo ni asilimia 65 ya upana wake wa milimita 265, yaani milimita 172 za mpira kati ya rimu na shimo. Range Sport ya miaka hiyo mara nyingi ina 275/40R20, ukuta wa milimita 110. Kwenye shimo moja lenye ncha, ya kwanza inabonyea na kurudi, ya pili inapasuka au rimu inapinda. BMW X5 zenye rimu za inchi 20 zina jambo la ziada: mbele 275/40, nyuma 315/35. Huwezi kuhamisha tairi za nyuma kwenda mbele, na X5 nyingi hazina tairi la akiba kabisa kwa sababu zilitoka na tairi zinazotembea bila upepo. Muulize muuza tairi wa mji unaokwenda kama ana 315/35R20, uone atakavyokutazama.

Ukichagua Prado, chagua injini kwanza

Watu husema "Prado" kana kwamba ni gari moja. Toleo la 120 lilitoka mwishoni mwa 2002, la 150 likalipokea 2009. Namba ya fremu, yaani ya chesesi, inakupa jibu kabla hujafungua boneti. TRJ ni petroli 2.7 ya silinda nne. GRJ ni petroli 4.0 ya V6. KDJ ni dizeli 3.0, na GDJ ni dizeli 2.8.

TRJ150 ndiyo iliyojaa kwenye yadi zetu, kwa sababu Japan yenyewe iliacha kuuza Prado ya dizeli 2007 na kuirudisha katikati ya 2015. Kwa hiyo ukiona "Prado ya dizeli 2012 kutoka Japan", kuna kitu hakijakaa sawa: ama haikutoka Japan, ama imebadilishwa injini. Injini ya 2.7 haina makuu. Ina cheni badala ya mkanda wa taimingi na inakula oili kama lita 5.8 tu kwa sevisi. Ubaya wake ni uzito: nguvu farasi 163 zinavuta zaidi ya tani mbili, na kabla ya 2015 giaboksi ilikuwa ya gia nne. Kwenye mlima Kitonga ukiwa na watu saba na mizigo utajua. Mjini kwenye foleni hesabu kilomita 6 au 7 kwa lita, safarini 8 hadi 9. Ya 4.0 inapanda mlima bila kulalamika, ila wese lake linalalamika.

KDJ, dizeli ya 3.0, ndiyo inayopendwa na waendao mbali, na ndiyo inayohitaji macho makali. Ugonjwa wake ni nozeli. Vishikizi vya shaba, yaani washa za kuziba zilizo chini ya nozeli, vikichoka, moshi wa silinda unapenya kwenda juu kwenye kava ya valvu, oili inageuka lami, masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili chini kwenye sampu, na injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia oili kinaonyesha imejaa. Nozeli yenyewe ikianza kumwaga dizeli kupita kiasi inaunguza pistoni hadi ipasuke. Kumpima mgonjwa huyu ni rahisi. Injini ikiwa ya moto na inanguruma taratibu, fundi asome kwenye mashine kiasi cha masahihisho ya kila nozeli: kati ya hasi 3 na chanya 3 ni salama, zaidi ya hapo nozeli hiyo imechoka. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwaka. Mvuke mdogo si neno. Ikipumua kwa mapigo kama treni, vishikizi vimekwisha. Mkanda wa taimingi nao ubadilishwe kati ya kilomita 100,000 na 150,000, na kama muuzaji hana risiti ya kuubadilisha, hesabu kwamba haujabadilishwa.

GDJ za kuanzia 2015 ni gari tamu: gia sita, mvuto wa kuanzia Nm 450, kilomita 9 hadi 12 kwa lita. Lakini zile za Japan zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi na tangi la maji ya urea, yale yanayouzwa kwa jina la AdBlue. Kichujio hujisafisha chenyewe gari likitembea mwendo wa barabara kuu. Anayekaa Mbezi na kufanya kazi Posta, foleni asubuhi na jioni, hakipi nafasi hiyo, na kikiziba taa inawaka na nguvu inapotea. Urea nayo ikiisha kabisa na ukazima gari, haliwaki tena hadi ujaze. Kama wewe ni wa mjini tu, ya petroli inakufaa zaidi kuliko dizeli hii.

Usisahau chesesi. Prado iliyoishi Zanzibar, Tanga au Mombasa, au iliyotoka mikoa ya theluji ya Japan wanakomwaga chumvi barabarani, huoza kwa ndani. Lala chini na tochi, gonga kwa nyundo ndogo sehemu ya chesesi iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Rangi nyeusi mpya iliyopigwa chini ya gari kuukuu ni sababu ya kugonga zaidi, si ya kufurahi.

Ukichagua ya kifahari, jua unanunua ugonjwa gani

Kila moja ina wa kwake, na mafundi wanaoyashika kila siku wanaujua kwa jina.

Range Rover Sport ya 2005 hadi 2013 pamoja na Discovery 3 na 4 zinabebwa na shokapu za upepo. Mfuko wa mpira ukipata ufa, upepo unatoka polepole. Kompresa inafanya kazi kupita kiasi kufidia, inaungua, na gari linalala chini. Kwa hiyo anayebadilisha kompresa bila kutafuta tundu atarudi tena gereji. Pima hivi: jioni, mahali pa tambarare, chukua futi upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa juu wa bodi, pembe zote nne. Pima tena asubuhi kabla halijawashwa. Pembe iliyoshuka sentimita 2 au zaidi kuliko nyingine inavuja. Sabuni ya maji kwenye mfuko itakuonyesha mahali.

Dizeli zake za V6, za 2.7 na 3.0, zina sifa mbaya ya kukata krankishafti, na hilo halina ukaguzi wa uhakika wa kulinasa mapema. Zina pia mikanda miwili: wa taimingi mbele, na mwingine mdogo nyuma ya injini unaozungusha pampu ya dizeli. Wengi hubadilisha wa mbele wakasahau wa nyuma. Kazi nyingi, ikiwamo ya turbo, fundi anaona afadhali ainue bodi nzima itoke kwenye chesesi. Ukisikia bei ya ufundi usidhani unaibiwa.

Petroli ya 5.0 V8 yenye supachaja, pampu ya kuisukumia injini hewa, ina nguvu za ajabu na mabomba ya plastiki ya maji ya kupoozea. Plastiki hiyo hukauka kwa joto na kupasuka. Bomba la nyuma liko chini ya supachaja, hivyo spea ya bei ndogo inakuwa kazi ya siku nzima au mbili. Injini hizi zikianza kulia kama dizeli asubuhi, hasa za 2010 hadi 2012, vikaza cheni vinakwisha. Kwenye foleni zinakunywa lita moja kwa kilomita 4 hadi 5.

BMW X5 ya 2007 hadi 2013: kwepa V8 yenye turbo mbili. Turbo zake zimewekwa katikati ya V, joto linakaanga sili za valvu, na injini inaanza kunywa oili kimyakimya. Sampu yake inachukua lita 8.5 za oili maalumu, si ya dumu la sokoni. Ukitaka X5 yenye busara, tafuta ya silinda sita isiyo na turbo, ya 3.0 ya mwanzoni mwa toleo hilo. Hata hiyo, pampu yake ya maji ni ya umeme na hufa bila kuaga, mara nyingi baada ya kilomita 100,000. Kama haijawahi kubadilishwa, iingize kwenye bei.

Mercedes ML ya 2005 hadi 2011: kwenye petroli ya V6 ya miaka ya mwanzo, gia ya shafti ya mizani hulika meno, na kuibadilisha ni kushusha injini. Kwenye dizeli ya V6, sili za kipoza oili kilicho katikati ya V huvuja. Oili ikionekana inatiririka nyuma ya injini juu ya giaboksi, usikubali maneno ya "ni gasketi tu".

Kuna njia ya katikati, nayo tunaipenda: Prado ya daraja la juu, TZ-G, yenye ngozi, au Land Cruiser 200, lile shangingi la V8 lenyewe. Ila TZ-G nayo ina mifuko ya upepo nyuma, na za toleo la 150 zina mfumo wa haidroliki wa kuzuia gari kulala kwenye kona. Ukiona mafuta yanavuja kwenye mabomba ya mfumo huo, bei ishuke au uondoke. Lexus GX 460, ambayo chini ni Prado tupu, ingekuwa jibu la wote, lakini ilitengenezwa kwa masoko ya usukani wa kushoto kama Marekani na Ghuba.

Hesabu kamili

Ukiagiza mwenyewe Tanzania, umri wa gari unakula kuliko injini. Kwa viwango vilivyozoeleka, gari la zaidi ya cc 2000 linalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10, na VAT 18. Likiwa na miaka 8 hadi 10 inaongezwa 15 ya uchakavu, likipita miaka 10 inakuwa 30. Kwa kila shilingi 100 za thamani hadi bandarini, gari la chini ya miaka 8 linadaiwa kama 62, la miaka 8 hadi 10 kama 84, na la zaidi ya 10 kama 106, bila tozo ndogondogo. Thamani inayotumika ni ya kikokotoo cha TRA, si ya risiti yako, na bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango, hivyo ingiza gari lako kwenye kikokotoo siku unayotaka kulipa. Kenya huna uhuru huo: gari lililopita miaka 8 haliingii, basi Range kuukuu ya bei ya kutupa huko utaipata kwa mtu, si melini.

Juu ya bei ya kununulia weka akiba ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kwa Prado asilimia 10 inatosha. Kwa Range, X5 au ML weka asilimia 25 hadi 30, mkononi, si ya kutarajia. Kama ukishaiweka kando hela ya gari haitoshi, basi hiyo Range si ya bei yako, hata kama muuzaji ameshusha mara tatu.

Siku ya kukagua

Tenga saa tatu, na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, ahirisha. Injini baridi ndiyo inayosema ukweli: cheni zinazolia, moshi wa bluu wa sekunde za kwanza, nozeli zinazogonga.

Pima oili na maji kabla ya kuwasha. Washa, sikiliza dakika mbili bila redio wala stori. Acha lingurume dakika 20 huku kiyoyozi kikiwaka, uangalie kipimo cha joto kisipande. Kisha endesha angalau kilomita 15, pamoja na mwendo wa 100 na barabara ya matuta. Kwenye Prado simama, weka N, ingiza L4 (gia nzito ya magurudumu yote manne), funga difu ya kati kwenye udongo, tembea mita chache: taa yake iwake na isiendelee kupepesa. Kwenye Range pandisha na kushusha kimo mara tatu mfululizo. Kompresa iliyochoka huwa inakubali mara ya kwanza.

Mashine ya kupimia ni lazima kwa gari la kifahari, na usiishie kuuliza "kuna kosa?" Mjanja anayafuta makosa usiku. Mwambie fundi afungue ukurasa unaoonyesha kama gari limemaliza kujipima lenyewe. Vipengele vingi vikiwa havijakamilika, kumbukumbu imefutwa jana au leo. Omba ulipime tena baada ya siku tatu.

Karatasi

Gari la Japan: dai karatasi ya mnada. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, R au RA maana yake liligongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro, U ni bonde, W ni palipotengenezwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Cheti cha kufutiwa usajili kina kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa serikali. Zilinganishe na za dashibodi.

Gari la Uingereza ni rahisi zaidi, na ajabu wanunuzi wengi hawajui. Ukiwa na namba yake ya zamani ya usajili, tovuti ya serikali ya huko inakuonyesha bure historia ya ukaguzi wa kila mwaka: maili, na sababu za kufeli, ikiwamo kutu na mifuko ya upepo. Maili 90,000 ni kilomita kama 145,000, usichanganye. Uliza pia kama bima iliwahi kulifuta. S maana yake gari liliumia hadi kwenye mifupa ya bodi, N liliumia lakini mifupa haikuguswa.

Gari la hapa nchini: namba ya chesesi iliyochongwa kwenye chuma ifanane na kadi, madeni ya trafiki yaangaliwe kwa namba ya gari, na jina kwenye kadi liwe la anayepokea hela. Halafu uliza funguo ya pili. Kwa Prado ni usumbufu tu. Kwa Range na BMW funguo mpya inaagizwa na kuingizwa kwa kompyuta kwa namba ya gari lenyewe, kwa hiyo isipokuwepo, bei yake ikatwe hapohapo mezani kabla hujahesabu noti.